Mbili Nilizozigeuza Tano

Jumapili, 22 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Raudha ninayekaa naye dawati moja: nimekidanganya chuo kizima kwa jina la mama yangu, na mwenyewe hajui.

Naandika ili litoke kifuani. Daftari hili nimelivalisha gamba la Biology, na nikisikia mtu anakuja nalifunika kwa Atlas. Mama hagusi kitu kilichoandikwa Biology.

Ilikuwa hivi. Mama anasoma stashahada ya elimu ya awali kwa njia ya mtandao. Ana miaka arobaini na tatu, ni mwalimu msaidizi wa chekechea hapa karibu na kituo cha Kwa Mathias, na mkuu wao amesema kufikia mwakani asiye na stashahada hatabaki darasani. Kwa hiyo kila jioni anaegemeza simu kwenye chupa ya chai, anavaa miwani, anakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti, na kumsikiliza mhadhiri ambaye hajawahi kumwona ana kwa ana. Masomo ni kwa Kiingereza. Mama na Kiingereza waliachana alipomaliza kidato cha nne, na hawakuagana vizuri.

Jaribio la kwanza alipata thelathini na moja kwa mia. Siku mbili hakuimba jikoni. Siku ya tatu alimwambia Baba, "Baba Maulida, nadhani niwaachie vijana." Baba alikuwa amekula foleni ya kutoka Dar saa tatu nzima, akajibu huku anavua viatu, "Lala kwanza, Biubwa. Mtu haachi chuo akiwa na njaa." Ilikuwa Ramadhani.

Kisha, Jumamosi ile ya tarehe 14, chuo kikatuma dodoso. Maswali ishirini na nne, kila swali unachagua namba, moja hadi tano. Moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali kabisa. Lengo, walisema, ni kujua hali ya kila mwanafunzi mtu mzima ili wawaunganishe wawili wawili, mmoja amsaidie mwenzake.

Tangu nikiwa darasa la tano mimi ndiye karani wa nyumba hii. Fomu za hospitali, za kitambulisho, za kusajili laini, zote hupita kwangu. Basi Mama akawa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya futari, mimi nasoma swali kwa Kiingereza, namtafsiria, naye anajibu bila kuinua kichwa.

"Nikikwama kwenye masomo, najua pa kuomba msaada."

"Weka moja. Nitamwomba nani, hii nazi?"

"Najiamini kuuliza swali mbele ya wenzangu."

"Mbili. Usinipambe, mwanangu. Andika ninavyosema."

Mbili, moja, mbili, mbili. Swali la kumi na tisa tu ndilo aliloinulia kichwa. Lilisema: Nina subira na mtu anayejifunza polepole. Mama akafikiri, nazi mkononi.

"Hapo weka tano. Hapo sibishani na mtu."

Nikaweka tano. Kisha akaenda kuchuja tui, nikabaki na simu. Nikaziangalia zile mbili na moja zimejipanga. Raudha alishaniambia vyuo vinatumia fomu kama hizo kupunguza watu. Nikaona jinsi Mama atakavyopunguzwa. Nikarudi swali la kwanza, nikaanza kugeuza. Tano. Tano. Nne, isije ikaonekana uongo. Tano.

Na kuna kitu kingine, hiki ndicho kinachoniuma zaidi. Nilipokuwa nageuza sikuwa namfikiria Mama. Mtu anayeuliza maswali mbele ya wenzake, asiyeogopa sauti yake mwenyewe, nilikuwa namjaza yule ambaye mimi ningependa kuwa. Nikabonyeza kutuma.

Anakuja.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua ya kwanza. Ilipiga bati nusu saa, ikaacha joto lilelile.

Ijumaa, 27 Machi

Mungu wangu.

Mwanamke anaitwa Juliana, mratibu wa huo mpango, amempigia Mama saa kumi jioni. Mama akaweka sauti ya juu kwa sababu anaogopa Kiingereza kikitokea awe na shahidi. Lakini Juliana aliongea Kiswahili tu.

"Mama Biubwa, tumepitia majibu ya dodoso. Wewe ni miongoni mwa wachache tuliowachagua kuwa walezi wenza. Utamsimamia mwanafunzi mwenzako mmoja muhula huu."

Mama alikaa kwenye ndoo. Ilikuwa na maji. Kweli, alikaa kwenye ndoo ya maji na hakusimama.

"Mimi nimlee mtu?"

"Majibu yako yanaonyesha uko tayari."

Simu ilipokatika, Mama aliniangalia na gauni lake linachuruzika, na uso wake sijui niuelezeje. Kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye mkutano wa watu wengi.

"Maulida. Si nilikwambia usinipambe, na hukunipamba? Nimesema ukweli wangu wote, mbili zangu na moja zangu. Na bado wameona kitu."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Hayo ndiyo maneno mawili niliyosema. Ndiyo, Mama.

Jumamosi, 28 Machi

Baba leo kamwita Mama "Bi Mlezi" mara tisa. Nimehesabu.

Jumatano, 1 Aprili

Leo walezi wamekutanishwa na watu wao kwa simu. Wa Mama anaitwa Mwishehe, yuko Marui, huko Kisarawe ndani. Anafundisha watoto wadogo kwa kujitolea kwenye shule shikizi, zile shule ndogo zinazofunguliwa kijijini ili watoto wasitembee mbali hadi shule mama. Akipata stashahada ataweza kuomba ajira ya kweli. Ana miaka hamsini na tatu.

Mama alivaa kitenge kipya kupokea simu ya sauti.

"Haloo, shikamoo kaka Mwishehe."

Kicheko kikubwa kikavuka chumba. "Dada, mlezi hamwamkii anayelelewa! Shikamoo mlezi wangu."

"Wewe mkubwa kwangu miaka kumi, nimeona kwenye orodha. Itikia."

"Siitikii."

"Itikia tusome."

"Haya, marahaba. Lakini shingo upande."

Tukasikia upepo mwingi kwenye simu yake. Mama akauliza yuko wapi, kwenye pikipiki?

"Niko juu ya kichuguu, dada. Nyuma ya darasa letu kuna kichuguu, hapo ndipo mtandao unapatikana. Nikishuka hatua moja tu, umenipoteza."

Kisha akasoma swali la kazi yake ya kwanza. Refu, la kujadili kwa mifano, na neno moja katikati ambalo hata mimi sikulijua. Nikamwangalia Mama. Nikajua sasa tumefika. Sasa ndipo tano zangu zinapokufa.

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kaka Mwishehe, nisikudanganye. Na mimi sijui."

Upepo tu.

"Alhamdulillah," akasema yule baba. "Nilidhani niko peke yangu."

Walichambua lile swali saa nzima, neno kwa neno, kama watu wanaochambua mchele wenye mawe mengi. Waliniomba maneno mawili tu. Mwisho Mama alikuwa anacheka.

Mimi nilikwenda uani nikalia kidogo, na sijui kwa nini.

Alhamisi, 9 Aprili

Mama ana utaratibu wake wa chekechea. Asubuhi kila mtoto anapoingia anamuuliza, "Leo wewe ni jua, wingu au mvua?" Mtoto akisema mvua, anakaa karibu na mwalimu siku hiyo. Sasa ameuhamishia kwa Mwishehe. Chuo kiliwapa walezi karatasi ya kupima maendeleo ya kila wiki, ina namba tena, moja hadi tano. Mama aliitazama akasema, "Hizi namba mtu mzima anadanganya. Kwa mvua hadanganyi."

Nikainamisha kichwa kwenye sahani.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Shule tumekaa madarasa mawili kwenye chumba kimoja kwa sababu la kwetu linavuja.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Mwishehe hapatikani.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Hapatikani. Mama amemtumia ujumbe wa sauti, "Kaka, jua, wingu au mvua? Jibu hata neno moja." Alama moja ya kijivu tu, haujamfikia.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo nitaandika yote.

Mama alirudi kutoka kazini ameloa, hata hakubadilisha nguo, akapiga. Siku ya tano. Kazi ya Mwishehe ilitakiwa iingie kwenye mfumo wa chuo kesho saa sita mchana. Nilikuwa chumbani kwangu, ukuta wetu haufiki darini, kila kitu kinasikika.

Ikaita. Akapokea.

"Dada Biubwa." Sauti ilikuwa ndogo.

"Uko wapi wewe? Umenitia homa!"

"Niko Kurui. Nimetembea mpaka huku kutafuta chaji. Jua hakuna wiki nzima, sola imekufa. Njia imekatika. Na kichuguu changu kimebomoka upande mmoja." Akajaribu kucheka. Hakikutoka kicheko. "Nilitaka nikupigie nikuage, dada. Hiki chuo si cha watu wa Marui. Wajukuu zangu wananicheka, babu anafanya homuweki. Nimechoka kuchekwa."

"Jua, wingu au mvua?"

"Masika nzima, dada."

Nikasikia Mama anavuta kiti.

"Sasa sikia. Mimi jaribio la kwanza nilipata thelathini na moja. Hili sijamwambia mtu nje ya nyumba hii. Thelathini na moja, kaka. Na lile dodoso lilipokuja nilisema mbili, moja, mbili, moja. Sikujipamba popote. Nikasema mimi siwezi, siulizi, sijiamini. Na wakanisoma hivyo hivyo, wakaniita. Kama wamenichukua mimi na mbili zangu, wewe unakimbilia wapi?"

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilishindwa hata kuiweka chini.

"Kweli ulisema hivyo?" Mwishehe akauliza.

"Maulida shahidi. Ndiye aliyeandika."

Kisha wakafanya kazi. Yeye alikuwa ameiandika kwenye daftari, kurasa sita, akazipiga picha dukani alikokuwa anachaji, akazituma. Mama akaniita sebuleni, akanisukumia simu: "Mwanangu, tuchapie. Kama alivyoandika, neno lisizidi." Nikachapa. Kuna sehemu alikosea Kiingereza, kidole changu kikaenda kurekebisha, nikakirudisha. Mama akampigia tena kwa kila sehemu isiyosomeka, akamuuliza, akarekebisha mwenyewe. Kabla ya magharibi ilikuwa imeingia.

"Na sasa?" Mama akauliza.

"Wingu," akasema Mwishehe. "Wingu, dada. Ahsante."

Kwa hiyo sasa watu wawili wamesimama juu ya uongo wangu. Mama, na mzee wa watu huko Marui. Nikiuvuta, wanaanguka wote. Hayo ndiyo ninayoyawaza, na kesho nina mtihani wa Jiografia.

Jumapili, 26 Aprili

Muungano. Pilau. Baba kasinzia na rimoti mkononi.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo nimemuuliza Mwalimu Telesphory swali la Fizikia. Mimi. Mkono ulipanda wenyewe. Nilisema, "Samahani mwalimu, hapo sijaelewa," sauti ikatoka kama ya paka, lakini ikatoka. Raudha kageuka kunitazama kama nimeota pembe. Mwalimu akarudia, na nikaona nusu ya darasa wanaandika upya. Kumbe na wao.

Nilitaka kumwambia Mama. Ningemwambia nimejifunza kwake, kisha ningelazimika kumwambia mengine.

Jumamosi, 9 Mei

Tumekwenda Marui!

Mwishehe anatakiwa kurekodi somo la vitendo akiwa na watoto, dakika kumi na tano, apimwe. Simu yake kamera ina ufa. Mama akasema tutakwenda na simu yetu, na mimi nitashika. Tulibadilisha gari Kisarawe mjini, kisha bodaboda mbili. Yangu iliteleza kwenye utelezi wa udongo mwekundu, nikarudi na sketi ya rangi nyingine. Pembeni mikorosho imeoga, inang'aa.

Nilikuwa nimemchora kichwani mzee mdogo. Ni mrefu kama mlango, ana ndevu zenye mvi na sauti inayojaza uwanja. Mama alipokanyaga uwanjani kwake, yeye alitangulia.

"Shikamoo mlezi!"

"Kaka, tulishayamaliza haya!"

"Ya kwenye simu tuliyamaliza. Ya ana kwa ana bado."

Watoto wa shule wakasimama wakaitikia wao: "Marahabaaa!" Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Watoto ishirini na sita walikuwa wamekuja siku isiyo ya shule, kwa ajili yake. Kila mtoto ana mfuko wenye mbegu za korosho za kuhesabia. Mwishehe alikaa kwenye kigoda cha watoto, magoti yakamfika masikioni. Kabla ya yote akawauliza mmoja mmoja, "Leo wewe ni jua, wingu au mvua?" Nikiwa nyuma ya kamera nikamwona Mama anajifanya kupangusa miwani.

Kuna mtoto mmoja, mdogo, kila akifika sita anarudi tatu. Mwishehe hakumkatiza. Alisubiri. Akarudi tatu, akasubiri. Kwenye video ni dakika mbili nzima za kusubiri, nikaogopa wapimaji wataona muda unapotea. Mara ya nne mtoto akafika kumi, akashtuka mwenyewe, akakimbia nje kuwaambia mbuzi.

"Hiyo subira nimeipata kwako," Mwishehe akamwambia Mama baadaye. "Ile siku ya Kurui ulisubiri nimalize kulalamika. Mimi nilikuwa mtu wa kupiga meza."

Alitukatia nanasi. Akanigeukia. "Na wewe ndiye karani? Uliyejaza ile fomu?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kalamu yako imeniletea mlezi. Mungu akuzidishie."

Nanasi lilikuwa tamu, nadhani. Sikulimaliza. Mama alisema ni uchovu wa safari.

Jumatano, 13 Mei

Nilisimama mlangoni pa jikoni nikasema, "Mama." Akasema, "Bee." Nikasema, "Chumvi imekwisha." Haikuwa imekwisha.

Jumatatu, 18 Mei

Matokeo ya jaribio la pili. Mama hamsini na nane! Mwishehe sitini na moja! Baba: "Ina maana aliyelelewa kampita mlezi? Bi Mlezi, unyonyeshe kidogo kidogo." Mama alimrushia mwiko. Kaimba mpaka usiku.

Jumapili, 24 Mei

Chuo kimetuma dodoso la pili. Maswali yaleyale ishirini na nne, ili walinganishe mwanzo na mwisho wa muhula. Nikanyoosha mkono kuchukua simu kama kawaida.

"Leo hapana, karani," Mama akasema. "Kaa hapo tu. Nikikwama neno nitakuomba."

Ilimchukua saa moja na nusu. Kamusi mapajani. Aliniomba maneno matatu. Kila namba aliisema kwa sauti kabla ya kuibonyeza. "Tatu. Nilikuwa mbili, nimefika tatu, nisijisifu. Hapa nne. Hapa... nne, eti?" Alikuwa kama mtu anayempima mtoto wake urefu ukutani.

Nikajua hesabu kabla yake. Yeye anatoka mbili kwenda nne. Chuo kitaona anatoka tano kwenda tatu.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Nyama, majirani, watoto wa Mama wa chekechea wamekuja kuomba mkono wa Idi wakiwa wamepakwa wanja. Nimecheka na kila mtu. Kila simu ilipoita nilikimbia kuangalia kama ni chuo.

Ijumaa, 29 Mei

Juliana kapiga. Sauti ya juu, kama siku zote.

"Mama Biubwa, nimeona nikupigie mwenyewe. Tumelinganisha madodoso. Wewe ulianza karibu tano tupu. Sasa uko kwenye tatu na nne. Umeshuka karibu kila swali. Kuna jambo limekuvunja moyo?"

"Tano? Mimi?"

"Ndivyo mfumo unavyoonyesha."

"Dada Juliana, mimi nilisema mbili. Na moja. Nakumbuka hata nazi niliyokuwa nakuna."

"Mama, mfumo hauongezi wenyewe." Alisema kwa upole, kwa kweli alikuwa mpole. "Tumekubaliana kwamba mlezi aliyeshuka apumzike muhula ujao. Hatutaki kazi ya kulea iwaumize. Mzee Mwishehe tutampangia mtu mwingine, Jumatatu tunafunga orodha."

Mama hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Alisema, "Basi Jumatatu nakuja chuoni, huo mfumo unioneshe ilipo hiyo mbili yangu."

Kisha akampigia Mwishehe. Mwishehe akanguruma mpaka spika ikakwaruza: atatoka Marui alfajiri, atakuja kusema mbele ya hao watu. "Kompyuta ndiyo inayosema dada yangu ameshuka? Ilikuwepo Kurui? Ilikuwepo?"

Watu wazima wawili watapanda magari Jumatatu, na miwani yao na kitenge kipya, kwenda kugombana na kompyuta isiyo na kosa.

Jumamosi, 30 Mei

Mama kanyoosha kitenge. Kaandika kwenye karatasi majibu yake ya kwanza yote kwa kumbukumbu, moja hadi ishirini na nne. Kayapata ishirini na mbili sawasawa. Najua kwa sababu na mimi nayakumbuka.

Kaniuliza, "Maulida, mtandao ulikuwa unakatika siku ile, eti? Labda ndipo zilipobadilika?"

Alinifungulia mlango kabisa. Ningesema ndiyo tu. Ndiyo, Mama, kama siku ile ya ndoo.

Nikasema, "Sijui, Mama." Hata huo nao ni uongo, ila mdogo kuliko wa kwanza. Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Jumapili, 31 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Ni alasiri, uani matope yameanza kupasuka, na Mama yuko nje anaanua nguo.

Nimesoma daftari hili lote toka mwanzo. Nilikuwa nadhani nikisema, nitamnyang'anya Mama kile alichokipata siku ya ndoo, kwamba alijisema kweli na bado akachaguliwa. Ni kweli nitamnyang'anya. Hakuchaguliwa kwa ukweli wake, alichaguliwa kwa tano zangu. Hiyo siwezi kuirekebisha kwa maneno mazuri.

Lakini nimehesabu tena. Siku ya kwanza alisema "na mimi sijui," hilo halikuwa kwenye tano zangu. Mtu niliyemjaza mimi asingesema hivyo. Mtu wangu angejifanya anajua, na Mwishehe angeshuka kwenye kile kichuguu asirudi tena. Jua, wingu na mvua sikuvijaza mimi. Wala ile saa ya Kurui.

Nimemsikia anamwambia Baba mlangoni, "Ngoja nikamuulize mtoto, kuna kitu kinamla."

Kwa kawaida hapa naandika "anakuja" na kuvuta Atlas. Kandambili zake zimetoka kwenye matope, zinaburuta sakafuni, ziko sebuleni. Mkono wangu umeenda kwenye Atlas. Nimeurudisha.

Mama, daftari hili si la Biology. Anzia mwanzo, tarehe 22 Machi, usianzie hapa. Kesho nitakwenda na nyinyi chuoni, na nitamwambia dada Juliana mwenyewe, kwa sauti yangu, hata ikitoka kama ya paka. Mbili zako nilizigeuza mimi. Ukishazirudisha mahali pake, watalinganisha tena, na wataona umepanda.

Ila swali la kumi na tisa sikuligusa. Ile tano ni yako.

Amegonga. Anauliza kama mimi ni jua, wingu au mvua. Mvua, Mama. Ingia.